Tumemfungia Mwizi Nje, Tumejifungia Ndani na Moto



Leo nataka tuzungumze habari ya ngazi. Si ngazi za mishahara wala ngazi za uongozi, maana hizo zinazungumzwa kila siku. Nazungumzia ngazi za kupandia ghorofani, za saruji au za mbao, katika majengo ya zamani ya miji yetu. Kila jengo linapoungua huwa tunauliza gari la zimamoto lilichelewa dakika ngapi, na lilikuja na maji kiasi gani. Ni maswali ya haki. Lakini liko swali linalotangulia hayo yote: katika zile dakika za mwanzo, kabla gari halijafika, aliyekuwa ndani alipita wapi kutoka?

Majengo ninayoyasema mnayajua. Yako Kisutu, Upanga na Kariakoo. Yako Tanga na Mwanza. Yako Mombasa, na yako Mji Mkongwe wa Unguja. Mengi katika hayo ya katikati ya Dar es Salaam yalijengwa kabla ya Uhuru na wafanyabiashara waliokuwa na duka chini na familia juu. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo mengi ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, naye mwaka 1990 akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mengine yalibaki kwa wenyewe, au yamekwisha kuuzwa mara mbili tatu. Mabadiliko ya wenye nyumba tuliyaona na tuliyajadili sana. Yaliyopita kimya kimya ni mabadiliko ya matumizi. Palipokuwa na familia moja pana familia tatu. Chumba cha kulala kimekuwa stoo ya vitenge. Veranda imezibwa kwa mbao ikawa jiko. Jengo ni lile lile, lakini mzigo wake si ule ule.

Tusianze kwa kuyalaumu majengo haya, kwa sababu kwa jambo moja yanatushinda sisi wa leo. Kuta zake ni nene. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vitu hivyo haviungui. Hata boriti za mikoko na milango mizito ya mbao ngumu haifi upesi kama watu wanavyodhani. Mbao nene ikishikwa na moto hujifunika ganda la mkaa, na moto huila kidogo kidogo, kwa kipimo kisichotimia milimita moja kwa dakika. Mlango wa mbao nzito, uliokaa vizuri katika fremu yake, unaweza kuuzuia moto kwa nusu saa au zaidi. Nusu saa, ndugu msikilizaji, ni maisha ya watu wengi. Basi udhaifu wa jengo la zamani hauko sana katika kuta zake. Uko katika ngazi, katika nyaya za umeme, na katika makufuli tuliyoyaongeza sisi wenyewe.

Mwezi uliopita nilipanda ngazi za jengo moja la ghorofa nne katikati ya jiji. Mwenye jengo simtaji, kwa sababu niliyoyakuta humo utayakuta pia kwa jirani yake. Chini, penye mlango wa kuingilia, zilikuwa zimeegeshwa bodaboda mbili, mafuta yamo tangini. Ukutani juu yake zipo mita za umeme za wapangaji wote, nyaya zikining'inia. Ghorofa ya kwanza, marobota ya nguo yamechukua nusu ya upana wa ngazi. Ghorofa ya pili, magunia ya mkaa na godoro kuukuu. Ghorofa ya tatu, jenereta. Nilipofika juu kabisa nikaukuta mlango wa kutokea kwenye paa una kufuli. Jengo lile lina ngazi ya pili, upande wa nyuma, ambayo mchoraji wake aliiweka kwa makusudi. Nayo ina geti la chuma na kufuli kubwa.

Kwenye korido nilimkuta mama mmoja mtu mzima, mpangaji wa miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamwuliza ufunguo wa lile geti anao nani. Akasema anao msimamizi wa jengo.

"Na usiku, mama, msimamizi yuko wapi?"

"Usiku yuko kwake, Mbagala."

Nikamwuliza hawaogopi moto. Jibu lake sijalisahau. "Mwanangu, geti hilo tulichanga wenyewe. Mwizi alikuwa anakuja kila mwezi. Moto haujaja hata siku moja."

Maneno ya mama huyu si ya kubeza. Wataalamu wengi hupita katika nyumba za watu wakiagiza nondo zing'olewe, kisha huondoka kwenda kulala katika nyumba zao zenye nondo. Mama anaishi na hatari mbili, na amejikinga na ile anayoijua. Yeyote anayetaka kumshauri habari ya moto lazima ampe jawabu ambalo halimrudishii mwizi. Jawabu hilo lipo, nami nitalifikia. Kwanza tuelewe kwa nini kufuli lile ni la hatari kuliko anavyodhani.

Katika moto wa nyumba, mara nyingi kinachoua ni moshi, wala si mwali. Moshi hutangulia. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza mtu mpaka akili inapotea, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Moshi wa moto hupanda juu. Sasa, ngazi iliyo wazi kutoka chini hadi juu, isiyo na mlango katika ghorofa yoyote, inafanya kazi gani? Inafanya kazi ya bomba la moshi. Bodaboda ikiwaka pale chini, njia pekee ya watu wa ghorofa ya nne imekwisha kuziba, hata kama moto wenyewe bado haujapanda hatua moja. Hapo ndipo mtu hukimbilia ngazi ya nyuma. Na ufunguo uko Mbagala.

Mambo haya yametokea kwingine, na yameandikwa. Tarehe 25 Machi 1911, huko New York, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, kilichokuwa ghorofa ya nane hadi ya kumi. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na desturi ile ya kufunga ilitokana na hofu ya wizi. Jambo la kuzingatia ni kwamba jengo lenyewe halikuanguka. Lipo mpaka leo, ni mali ya chuo kikuu. Jengo lilipona, watu hawakupona.

Karibu na sisi, mwezi Machi 2001, wanafunzi wa kiume 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya. Moto ule ulitiwa na watu, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: madirisha ya mabweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje. Mwongozo ulikuwa mzuri. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 wakafa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Nasi hapa nyumbani hatujasahau Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40.

Na tarehe 31 Agosti 2023, katikati ya Johannesburg, liliungua jengo la zamani lililowahi kuwa ofisi ya pasi za Waafrika wakati wa ubaguzi wa rangi. Mwenye jengo alikuwa manispaa ya jiji. Watu maskini walikuwa wamehamia humo na kugawa vyumba kwa mbao na mapazia. Walikufa watu 76, na miongoni mwao walikuwamo wageni kutoka Malawi na Tanzania. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe ililaumu jiji kwa kuliacha jengo lake bila kulisimamia. Ndugu zetu walikwenda kule kutafuta riziki, wakafia humo.

Sasa tuje kwenye la kufanya. Watu wakisikia habari ya kuboresha usalama katika jengo la zamani, mawazo yao huenda mbali: kubomoa, au kuweka mitambo ya mamilioni ya shilingi. Mwenye nyumba hushtuka, na kwa sababu hawezi lote, halifanyi hata moja. Nimeongea na mafundi na maofisa wa zimamoto kwa miaka mingi ya kazi hii ya redio, na ninachokiona ni kwamba kazi hii ina mpangilio wake. Hatua za mwanzo ndizo za bei nafuu, na ndizo zinazookoa watu wengi.

La kwanza ni njia. Ngazi iwe tupu. Bodaboda itoke, marobota yatoke, mkaa na jenereta vitoke. Kazi hii haihitaji mhandisi wala mkopo wa benki. Inahitaji wapangaji wakubaliane, na mwenye nyumba awe na ubavu wa kumwambia mpangaji anayelipa kodi nene kwamba ngazi si sehemu ya chumba alichopanga.

La pili ni kufuli, na hapa ndipo lilipo jawabu la yule mama. Geti halilazimiki kung'olewa. Libadilishwe kitasa. Vipo vitasa vinavyohitaji ufunguo kwa mtu wa nje, lakini kwa ndani hufunguka kwa kusukuma au kuzungusha tu. Fundi wa kuchomelea huweka bamba la chuma ili mkono wa mwizi usipite katikati ya nondo kukifikia kitasa. Na dirishani, katika kila chumba cha kulala, nondo za dirisha moja ziwekwe bawaba na komeo la ndani, zifunguke kama mlango. Komeo lisihitaji ufunguo, na mtoto afundishwe kulifungua gizani. Mwizi atabaki nje kama zamani. Tofauti ni kwamba sisi tutaweza kutoka.

La tatu ni onyo. Kuna ving'ora vidogo vya moshi vinavyotumia betri, vinavyobandikwa darini kwa skrubu mbili. Vingine huwasiliana vyenyewe kwa mawimbi ya redio, kimoja kikilia vyote hulia. Hivi vinayafaa sana majengo ya zamani, kwa sababu havihitaji kuchimba ukuta kupitisha waya. Nyumba ya Mji Mkongwe inaweza kupata kinga hii bila kuharibiwa hata chokaa yake. Ila betri ya king'ora si ya kuazimwa kwa ajili ya rimoti ya televisheni!

La nne ni milango ya kuuzuia moshi. Kila ghorofa iwekewe mlango mzito kati ya korido na ngazi, wenye springi ya kuufunga wenyewe, na asiwepo wa kuuegemezea tofali ubaki wazi. Juu kabisa ya ngazi pawe na dirisha linaloweza kufunguliwa, ili moshi ulioingia upate pa kutokea. Jengo lenye ngazi moja tu, kama paa lake ni bapa na limepakana na paa la jirani, wenye majengo wanaweza kukubaliana watu wapite juu kutoka jengo moja hadi jingine. Ujirani wa namna hiyo una faida kuliko ule wa kugombania maegesho.

La tano ni umeme. Nyaya za majengo haya ziliwekwa kwa ajili ya taa, redio, feni na pasi. Leo kuna friji, birika la umeme, jiko na kiyoyozi. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata joto, na nyaya za kale zilizofunikwa kwa mpira hukauka na kupasuka. Kazi ya fyuzi ni kuungua kwanza ili waya usiungue. Sasa fyuzi ikikatika, tunafanya nini? Tunamwita kijana wa mtaani aweke kipande cha waya mnene, umeme urudi, tuendelee kutazama mpira. Hapo tumemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele. Nyaya zote za jengo la miaka hamsini au sitini zinatakiwa zipimwe na fundi mwenye leseni, na palipochoka pabadilishwe. Hatua hii ina gharama, sikatai. Lakini inaweza kufanywa ghorofa kwa ghorofa, mwaka huu moja, mwaka kesho nyingine.

La sita ni gesi na mitungi ya kuzimia moto. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni. Kwa hiyo jiko lililo katika veranda iliyozibwa liachiwe matundu upande wa chini. Mtungi wa kuzimia moto nao si pambo la ukutani. Tazama mshale wake kama bado uko kwenye kijani, hakikisha unakaguliwa kila mwaka, na ajulikane nani anaweza kuutumia. Mafuta yanayowaka kikaangoni hayamwagiwi maji. Zima jiko na ulifunike.

Mwisho kabisa ni vitu vya gharama kubwa, kama bomba kavu. Hili ni bomba la chuma linalopanda kutoka chini hadi ghorofa ya juu, halina maji ndani. Askari wa zimamoto wakifika huunga mpira wa gari lao pale chini, na maji yakatoka juu, bila wao kuburuta mipira katika ngazi nyembamba. Nimeliweka mwisho kwa makusudi. Jengo lenye bomba jipya na ngazi iliyojaa marobota halijaboreshwa.

Na hapa nitoe tahadhari. Si kila ukarabati ni uboreshaji. Jengo la Grenfell Tower, London, lilijengwa mwaka 1974, la zege, lenye ghorofa 24. Ukarabati uliokamilika mwaka 2016 ulilivika nje mabamba mapya yaliyolipendezesha na kupunguza baridi. Katikati ya mabamba hayo mlikuwa na plastiki inayoshika moto. Tarehe 14 Juni 2017 moto uliotoka jikoni katika nyumba moja ulipanda kwa nje hadi juu, ukaua watu 72. Kwa hiyo tunapoona majengo yetu ya zamani yakivikwa mabamba ya kung'aa na dari za plastiki, tuulize swali moja kabla ya kusifu rangi: kitu hiki kikikutana na moto kinafanya nini?

Limebaki swali gumu: nani alipe, na nani alazimishe? Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kulipa uwezo wa kukagua majengo na kutoa vyeti. Uwezo upo. Lakini nielewe, msikilizaji: mkaguzi akiingia katika jengo la mwaka 1955 na kulipima kwa vipimo vya jengo la leo, litashindwa tu. Akilifunga, yule mama wa ghorofa ya nne atalala wapi? Atahamia pabaya zaidi. Akilinyamazia, amempa mwenye nyumba ruhusa ya kulala. Njia zote mbili zina maiti mwishoni.

Ninachokiomba ni kitu cha katikati, chenye tarehe. Mkaguzi aandike orodha kwa kufuata uhai wa watu: ngazi itupwe uchafu ndani ya siku saba, vitasa na nondo vibadilishwe ndani ya miezi mitatu, ving'ora na milango ndani ya mwaka, umeme kwa awamu zinazojulikana. Orodha ibandikwe mlangoni, wapangaji waisome, wajue kipi kimefanyika na kipi kimepuuzwa. Mwenye nyumba alipe yaliyo ya jengo: ngazi, nyaya, milango, bomba. Mpangaji alipe yaliyo yake: asiweke mzigo njiani, asichezee fyuzi. Na adhabu ianze pale siku saba zinapopita na bodaboda bado iko chini ya ngazi, kwa sababu hapo hakuna anayeweza kusingizia umaskini.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, liliwaka, na wafanyabiashara wengi wakaamka hawana kitu. Lilikuwa jambo la kuhuzunisha sana. Lakini lile lilikuwa soko, na ilikuwa usiku. Nyumba za kuishi ni kinyume chake. Usiku ndipo zinapojaa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Leo usiku, kabla hujalala, zima taa zote na usiwashe simu. Tembea kutoka kitandani kwako mpaka nje ya jengo, ukipapasa ukuta. Hesabu milango, hesabu makufuli, na jua kila ufunguo uko wapi. Ukikwama, usingoje mkaguzi. Kesho asubuhi mgongee jirani mzungumze. Na namba ya zimamoto ni 114, iandike mahali ambapo hata mtoto ataiona.